Pampu ya Dizeli Inavuja: Ubadilishe Sili Hapohapo, Uipeleke kwa Fundi Pampu, au Ufunge Nyingine?

Injini ya dizeli ya zamani ikianza kuvuja mafuta, mwenyewe hupokea ushauri wa kila namna. Mmoja atamwambia anunue seti ya sili (mipira inayozuia mafuta kuvuja) amalize kazi siku hiyohiyo. Mwingine atasema pampu haiguswi bila benchi la kupimia. Wa tatu anayo pampu iliyotolewa kwenye gari lililogongwa, anaiuza. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, kwa sababu kinachoamua ni hali ya chuma kilicho chini ya mpira uliochoka. Chuma kikiwa kizima, mpira mpya unatosha. Kikiwa kimelika, mpira mpya utavuja kama ule wa zamani.

Tunazungumzia pampu za kuzunguka aina ya Bosch VE, zenye pistoni moja inayogawia silinda zote mafuta, pamoja na zile zilizotengenezwa na Denso na Zexel kwa leseni ya Bosch. Ndizo zilizo kwenye VW nyingi za dizeli za miaka ya 1980, Toyota 1HZ, Isuzu 4JA1 na injini nyingine nyingi za aina hiyo. Pampu ndefu zenye pistoni moja kwa kila silinda zina mambo yake na hazimo humu.

Kwanza hakikisha ni pampu

Dizeli hutambaa. Tone unaloliona chini ya pampu linaweza kuwa limeanzia kwenye mpira wa riteni (unaorudisha mafuta ya ziada) juu ya nozo (kinachopuliza dizeli kwenye silinda), likashuka na paipu hadi kwenye mwili wa pampu. Osha pampu na paipu zote kwa brashi na dizeli safi, kausha kwa upepo wa kompresa, kisha zungushia tishu nyeupe kila kiungo na uiwashe injini kwa dakika kumi. Tishu ya kwanza kulowa ndiyo yenye jibu. Wakati huo usipitishe mkono karibu na paipu za chuma zinazokwenda kwenye nozo. Nozo hufunguka kwa bar 120 na kuendelea, na mchirizi mwembamba wa mgandamizo huo hupenya ngozi. Ukichomwa nao, nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama kidonda ni kidogo kama cha sindano na hakiumi, maana madhara yanaendelea ndani.

Mipira ya riteni ibadilishe yote kwa pamoja, pamoja na kile kizibo cha nozo ya mwisho ambacho watu hukisahau. VW na Mercedes-Benz nyingi za zamani hutumia mpira uliofumwa kwa nyuzi wenye kipenyo cha ndani cha mm 3.2. Paipu ya chuma iliyopasuka haichomelewi wala hailehemiwi kwa risasi. Nunua nyingine na urudishe klipu zake zote, kwa kuwa mara nyingi ilipasuka kwa kutikisika baada ya klipu kung'oka. Kukaza nati kupita kiasi hakuzuii kuvuja, kunaharibu koni ya paipu tu. Kwa pampu nyingi za aina hii Nm 25 zinatosha, lakini kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho.

Dalili nyingine ni gari kuwaka kwa shida asubuhi. Injini ikizimwa, pale palipokuwa pakitoa mafuta hugeuka kuwa pa kuingiza hewa, na dizeli hurudi kwenye tangi. Funga mpira mwangavu mmoja kati ya filta na pampu, na mwingine kwenye riteni ya pampu. Ukiona mapovu kwenye ule wa kuingilia, hewa inaingia kabla ya pampu: klipu, filta, au bomba la kutoka tangini. Kama wa kuingilia ni safi na wa riteni una mapovu, pampu yenyewe inavuta hewa kupitia sili zake. Hapo ndipo uchaguzi unapoanza.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni kulika kwa chuma. Shika mkono wa akseleta uusukume kando huku injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta. Mafuta yakichuruzika unaposukuma na kukoma unapoachia, tundu la shafti hiyo kwenye kifuniko limepanuka. Kwa shafti kuu ya mbele, ondoa beliti kisha isukume juu na chini kwa mkono. Ukihisi mchezo (kulegea) wowote, hata mdogo, bushi inayoishika imekwisha.

Cha pili ni mahali panapovuja: juu, nyuma kwenye kichwa, au mbele kwenye shafti. Cha tatu, jinsi pampu inavyofanya kazi mbali na kuvuja. Nguvu, moshi, na kutulia kwa injini ikiwa sailensa (ikiwaka bila kukanyagwa mafuta) vinaeleza hali ya ndani kuliko tone la nje. Cha nne ni usafi na zana ulizo nazo. Cha tano, unaweza kukaa bila gari kwa muda gani. Cha sita ni miaka unayotaka injini hiyo ikutumikie, pamoja na aina ya mafuta utakayotumia.

Hilo la mafuta lina uzito wake. Marekani iliposhusha salfa kwenye dizeli ya barabarani hadi asilimia 0.05 mnamo Oktoba 1993, pampu nyingi za zamani zilianza kuvuja. Usafishaji wa dizeli kiwandani ulipunguza pia zile kemikali zinazofanya mpira wa nitrili uvimbe na kujaza nafasi yake. Oringi (sili ya mpira ya mviringo) iliyokuwa imevimba na kukauka kwa miaka mingi ilisinyaa, ikaacha upenyo. Biodizeli nayo huulainisha na kuuharibu mpira huohuo. Ndiyo maana, kwa njia yoyote utakayoichagua, tunasisitiza sili za Viton, mpira unaostahimili mafuta hayo. Tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na kazi ya kufungua mara ya pili.

Njia ya 1: Kubadilisha sili pampu ikiwa kwenye injini

*Inaponya nini.* Uvujaji wa gasketi ya kifuniko cha juu, oringi ya shafti ya akseleta, oringi kubwa ya kichwa cha pampu, oringi ya solenoidi ya kuzimia (swichi ya umeme inayokata mafuta), washa za shaba za boliti za banjo (zenye tundu la kupitisha mafuta), na mara nyingi oringi za vifuniko vya pistoni ya taimingi (inayobadili wakati wa kupuliza mafuta) pembeni. Sili ya shafti kuu ya mbele ni suala jingine, kwani beliti na puli lazima vitoke, na kwenye injini nyingi pampu yenyewe pia.

*Kazi na zana.* Seti ya sili inayolingana na namba ya pampu, funguo za alen na za nyota, spana, kidude cha kuchorea alama, taa nzuri na meza safi. Mwenye uzoefu huchukua nusu siku. Anayefanya kwa mara ya kwanza ajipe siku nzima bila haraka.

Kwenye kifuniko cha juu, kabla ya kutoa mkono wa akseleta, chora mstari unaopita kwenye mkono na kwenye kichwa cha shafti. Shafti ina meno madogo, na ukirudisha mkono ukiwa umeruka jino moja, sailensa itapanda au injini itakosa nguvu. Kifuniko kikiinuka, chini ya shafti utaona springi ya gavana (kidhibiti cha mizunguko) imening'inia kwenye kijikono chake. Ichomoe taratibu, usiivute. Shafti ikitoka kwa chini, badilisha oringi yake, paka dizeli safi, rudisha. Boliti nne za kifuniko zinaingia kwenye aluminiamu, kwa hiyo zikaze kidogokidogo kwa kukingama.

Oringi ya kichwa ndiyo inayotia watu hofu, na hofu hiyo ina sababu. Kichwa ni kile kipande cha chuma cha nyuma kinachopokea paipu za nozo, kimeshikwa na boliti nne. Toa paipu, kisha badilisha boliti mbili zinazokabiliana kwa nyingine ndefu zaidi za uzi uleule, ili kichwa kisiweze kutoka kupita kiasi. Legeza zote kwa usawa. Springi za ndani zitakisukuma kichwa chenyewe. Kikishatoka mm 5 au 6, mfereji wa oringi unaonekana. Kata ya zamani kwa ncha butu bila kukwaruza chuma, telezesha mpya iliyopakwa dizeli, kisha kaza kwa kukingama, robo mzunguko kwa kila boliti, hadi kichwa kikae.

Muda wote kichwa kikiwa wazi, injini isizungushwe hata kidogo.

*Kinachoharibika na sababu yake.* Kichwa kikivutwa zaidi ya hapo, washa ndogo za springi huanguka, au kile kipira cha wenzo wa gavana huchomoka kwenye kola inayopima mafuta. Ukifunga pampu katika hali hiyo, injini inaweza kuwaka na kupanda mizunguko bila kukusikiliza. Kwa hiyo unapoiwasha mara ya kwanza, mwenzako asimame na ubao bapa tayari kuziba njia ya hewa. Ubao, si kiganja wala kitambaa.

Kosa la pili ni kubadilishana boliti za banjo. Ile ya riteni ina neno OUT juu yake, na ndani ina tundu dogo sana linalojenga mgandamizo wa pampu. Ikifungwa upande wa kuingilia, injini inakosa mafuta na taimingi inavurugika, na fundi anaweza kuhangaika siku nzima akitafuta kasoro ambayo ameiweka mwenyewe.

La tatu ni gundi ya gasketi. Isiguse pampu hii kabisa. Vipande vyake humeguka na kuziba njia za ndani, ambako nafasi kati ya pistoni na kichwa ni nyembamba kuliko unywele. Kwa sababu hiyohiyo, pampu isiyooshwa vizuri kabla ya kufunguliwa ni bora ingeachwa ivuje.

Skrubu ya nyuma ya kuongezea mafuta usiiguse bila sababu. Kama inavuja na ni lazima itoke, pima urefu wake kwa venia kwanza, uiandike, kisha uirudishe palepale.

*Inamfaa nani.* Mwenye pampu inayovuja lakini inayofanya kazi vizuri, isiyo na mchezo kwenye shafti, na mwenye subira na mahali pasafi. Gari lenye nguvu zake na moshi wa kawaida halihitaji pampu kufunguliwa yote kwa sababu ya oringi moja.

Njia ya 2: Kuitoa na kuipeleka kwa fundi pampu

*Inaponya nini.* Yote ya njia ya kwanza, na yale isiyoweza: bushi ya shafti, tundu la akseleta lililopanuka, pampu ndogo ya ndani yenye vibao, roli na sahani ya kamu, na kichwa chenye mikwaruzo. Baada ya kuunganishwa, pampu hufungwa kwenye benchi na kupimwa mgandamizo wa ndani, mwendo wa pistoni ya taimingi, kiasi cha mafuta kwa mzigo kamili, sailensa, na mizunguko ambayo gavana anakata. Vipimo hivi havipatikani kwa sikio.

*Kazi na zana.* Fundi anafanya ya ndani, lakini kuitoa na kuirudisha ni juu yako au gereji yako. Weka pistoni ya kwanza juu kabisa, funga puli kwa pini yake kama injini ina tundu la pini, na chora mstari mwembamba kati ya flanji ya pampu na braketi. Puli ya pampu imekaa kwenye shafti ya koni. Itoe kwa pula, kamwe usiigonge kwa nyundo, maana pigo hilo hufika ndani. Angalia kijiti kinachofunga puli na shafti kisipotee. Ziba matundu yote kwa vifuniko vya plastiki, si kwa pamba. Kurudisha kwa alama kunatosha kuiwasha. Taimingi ya mwisho ipimwe kwa saa ya kipimo kufuata kitabu, hasa baada ya matengenezo ya ndani.

Peleka nozo pamoja na pampu. Pampu iliyopimwa vizuri ikisukuma mafuta kwenye nozo zinazodondosha, utalalamikia kazi isiyo na kosa.

*Kinachoharibika na sababu yake.* Hatari kubwa ni kazi ya juujuu: pampu inaoshwa, inapakwa rangi, inabadilishwa sili na kurudishwa bila kugusa benchi. Kabla ya kuiacha, uliza mambo matatu. Sili ni za Viton? Bushi ya shafti itabadilishwa? Utapewa karatasi ya vipimo? Omba pia vipuri vya zamani virudishwe. Fundi anayejua kazi yake haudhiki na maswali haya.

Hatari ya pili ni gharama kupanda katikati. Kichwa kikikutwa na mikwaruzo au kutu ya maji, hakipigwi msasa, kinabadilishwa, na ndicho kipuri ghali kuliko vyote. Kubalianeni mapema kwamba utapigiwa simu kabla ya kununuliwa. Ya tatu ni tangi. Pampu mpya ikiletewa maji na tope lilelile itakwisha vilevile, kwa hiyo safisha tangi na badilisha filta siku hiyohiyo.

*Inamfaa nani.* Mwenye shafti yenye mchezo, gari lililopoteza nguvu au lenye moshi, au injini anayotaka imtumikie kwa miaka mingi. Lazima aweze kukaa siku kadhaa bila gari, pengine wiki kama kuna kipuri cha kuagiza.

Njia ya 3: Kufunga pampu nyingine iliyotumika

*Inaponya nini.* Hurudisha gari barabarani haraka pale pampu ya zamani imepasuka mwili, imekwama, au kichwa chake hakipatikani. Uvujaji si lazima uuponye, kwa kuwa sili za pampu hiyo zina umri uleule wa zako. Iliyokaa rafuni bila mafuta ndani huwa mbaya zaidi: mpira umesinyaa na chuma kimeshika kutu.

*Kazi na zana.* Kutoa na kufunga ni kama njia ya pili. Ugumu upo kwenye kuchagua. Soma kibati kilicho pembeni ya pampu. VE 4/9 F 2400 R maana yake ni matundu manne ya nozo, pistoni ya mm 9, gavana ya uzito unaozunguka, mizunguko 2,400 ya pampu, ambayo ni nusu ya mizunguko ya injini, na kuzunguka kulia. L ni kushoto. Kufanana kwa umbo si kulingana. Pampu ya injini yenye turbo ina kidude cha kupokea upepo juu yake na hupima mafuta tofauti na ile ya injini isiyo na turbo. Linganisha namba nzima.

Kabla ya kulipa, zungusha shafti kwa mkono. Inapaswa kukaza na kulegea kwa zamu, mara nne kwa mzunguko kwa injini ya silinda nne. Ikizunguka bila kukaza popote, kuna kilichovunjika, isipozunguka, imekwama. Sukuma shafti juu na chini. Mimina mafuta yaliyobaki ndani kwenye chombo cheupe: rangi ya kutu au chembe zinazong'aa zinatosha kukufanya uondoke.

*Kinachoharibika na sababu yake.* Mara nyingi ni namba isiyolingana, na mara nyingine pampu nzuri kufungwa bila kubadilishwa sili. Ushauri wetu ni kuibadilisha sili za juu na za kichwa kabla ya kuifunga, wakati bado iko mezani mbele yako. Pampu yako ya zamani usiitupe. Kifuniko, mikono na vali zake vitafaa.

*Inamfaa nani.* Mwenye injini anayotaka kuitumia muda mfupi, au ambaye kichwa cha pampu yake kimekufa na kipya kinazidi thamani ya gari.

Baada ya kufunga, kwa njia yoyote

Jaza pampu dizeli safi kupitia tundu la riteni kabla ya kupiga starta, kisha toa upepo. Legeza nati za nozo nusu mzunguko, piga starta kwa sekunde 15, pumzika dakika moja, rudia hadi mafuta yatoke bila mapovu, kaza. Rudia jaribio la tishu siku inayofuata injini ikiwa baridi, kwa kuwa oringi iliyobanwa vibaya hujionyesha zaidi kwenye baridi.

Kuchagua kulingana na hali yako

Tone liko chini ya kifuniko cha juu au kwenye mkono wa akseleta, na mkono hauna mchezo: njia ya kwanza. Ukiwa na mchezo, kifuniko kitiwe bushi mpya na fundi. Kwa kazi hiyo pampu haina haja ya kutoka, kifuniko pekee kinatosha kupelekwa.

Tone liko nyuma kwenye kichwa na gari lina nguvu zake: njia ya kwanza pia, ila kama huna uhakika na mkono wako, mlipe fundi akufanyie papo hapo kwenye gari.

Kunavuja mbele kwenye shafti: hapa usisubiri. Kwenye injini ya beliti, dizeli inalainisha beliti ya taimingi, na ikikatika vali zinakutana na pistoni. Kwenye injini ya gia, dizeli inaingia kwenye oili. Ukiona oili imepanda kwenye kijiti cha kupimia na inanuka dizeli, usiliendeshe, imwage. Shafti isiyo na mchezo inaweza kupata sili mpya tu. Yenye mchezo iende kwa fundi pampu.

Kunavuja, kuna moshi mweusi na nguvu zimepungua: njia ya pili, pamoja na nozo.

Gari ni la kazi na haliwezi kulala: nunua pampu iliyotumika yenye namba inayolingana, ibadilishe sili mezani, ifunge, kisha ile yako ipeleke kwa fundi bila haraka. Ikirudi na karatasi yake ya vipimo, iwekee dizeli safi ndani, zibe matundu yote na uihifadhi mahali pakavu.